Mpaka ukifungwa mtalii anafanyaje? Majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu jinsi mipaka ilivyofungwa wakati wa korona na vile watalii walivyobadilika, mistari michache, sikutegemea, ila barua zilizoingia ni nyingi kuliko mada yoyote mwaka huu. Kwa wasionijua, kabla ya safu hii nilikaa ofisi ya wakala wa safari miaka mingi, nakata tiketi, nafuatilia viza, nabadilisha tarehe, kwa hiyo Machi 2020 mimi ndo nilikuwa upande wa pili wa simu. Barua nimezifupisha, mnisamehe.

Shikamoo mwandishi. Nasomea utalii mwaka wa pili, mwalimu alituuliza kitu kimoja tukabishana mpaka kipindi kikaisha: wakati wa korona mtalii alibaki nyumbani kwa kuogopa ugonjwa au kwa sababu mpaka umefungwa? Wengine tunasema hata mipaka ingekuwa wazi watu wasingesafiri.

Marahaba mwanangu. Swali la mwalimu wako ni gumu kwa sababu vitu hivyo viwili vilikuja vimeshikana mikono. Mwaka 2019 dunia ilihesabu safari za watalii wa kimataifa karibu bilioni 1.5, mwaka 2020 zikabaki kama milioni 400 hivi, na mwishoni mwa Aprili 2020 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilipopitia vituo vyote vya utalii duniani halikukuta hata kimoja ambacho hakijaweka kizuizi cha aina fulani. Sasa hapo utatenganishaje hofu na mpaka? Inabidi utafute sehemu ambayo kimoja kipo kingine hakipo.

Februari na siku za mwanzo za Machi mipaka mingi ilikuwa bado wazi na hofu tayari inafanya kazi. Ofisini simu zilianza, hasa za wazee na waliokuwa wamelipia meli za kitalii, maana walishaiona ile Diamond Princess imezuiwa Yokohama kule Japani na watu zaidi ya 3,700 ndani yake, na zaidi ya 700 wakaambukizwa. Lakini nakumbuka vizuri, wengi hawakusema futa, walisema nisogezee mpaka Juni, au nitoe kwenye meli niweke kwenye ndege. Hofu inamfanya mtu asogeze na abadilishe, bado anapiga hesabu. Mpaka ukishafungwa hakuna hesabu ya kupiga, mtu ananyamaza tu.

Halafu geuza upande wa pili, mpaka wazi na ugonjwa bado upo. Maldives walifungua 15 Julai 2020, bila karantini, viza unapewa unapofika, na chanjo wakati huo haipo kabisa. Wao walikuwa na bahati ya jiografia, hoteli moja inakaa kisiwa kimoja, kwa hiyo mgeni akishashuka ametengwa na wengine bila hata kuambiwa ametengwa. Mwaka 2019 walipokea watalii milioni 1.7, mwaka 2020 kama 555,000, mwaka 2021 wakarudi milioni 1.3 wakati nchi kibao bado zimefunga. Kwa hiyo wa kusafiri walikuwepo! Ila angalia ni nani waliokwenda. Mwaka 2019 Wachina ndo waliongoza pale, 2020 wakaongoza Wahindi, na Warusi nao wakaja wengi, na wengi wa hao sidhani kama Maldives ilikuwa chaguo lao la kwanza mwanzoni mwa mwaka, waliuliza tu wapi tunapokelewa. Zamani mteja alichagua anakotaka kwenda ndo akauliza masharti, kwenye korona akawa anaanza na masharti halafu kwenye yale yaliyobaki ndo anachagua. Hilo kwangu ndo badiliko kubwa kuliko yote na hofu ya ugonjwa peke yake isingelileta.

Na msisahau kwenye mabishano yenu kwamba mpaka wenye karantini ni mpaka uliofungwa kwa jina lingine. Mtu ana likizo ya siku kumi, unamwambia akifika akae chumbani siku 14, sasa huyo umemfungulia nini? Nchi zilizotangaza "tumefungua" zikiwa na karantini ya namna hiyo zilipata wanaorudi makwao na watu wa kazi, mtalii hakuja.

Kaka mwandishi, mimi na mume wangu tangazo lilitukuta safarini, lilikuja usiku, asubuhi uwanja wa ndege hapapitiki. Mpaka leo najiuliza, watu wazima wote wale tumeambiwa tusisogeleane halafu tukakimbilia sehemu moja. Tulikosea?

Hapana dada yangu, na naomba uliweke chini hilo. Mlifanya kitu ambacho tangazo lenyewe liliwalazimisha.

Usiku wa 11 Machi 2020 rais wa Marekani alitangaza kwenye televisheni kwamba safari za kutoka Ulaya zinasimamishwa siku 30, kuanzia Ijumaa usiku. Raia wa Marekani hawakuhusika na ile marufuku lakini kwenye hotuba hilo halikusikika vizuri, kwa hiyo Wamarekani waliokuwa Ulaya waliamka usiku ule ule wakaenda viwanjani kununua tiketi yoyote kwa bei yoyote. Wakafika kwao sasa, na kwa kuwa wanaotoka Ulaya walielekezwa kupita viwanja vichache vilivyoteuliwa ili wakaguliwe afya, siku ile ya Jumamosi 14 Machi picha za uwanja wa O'Hare kule Chicago zilionyesha watu wamebanana kwenye foleni ya masaa. Amri ya kuzuia maambukizi ikawakusanya watu kutoka kila pembe ya Ulaya ikawapanga bega kwa bega. Iliniuma sana kuiona kwa sababu aliyeko kwenye foleni ndiye aliyeonekana mzembe.

Ikajirudia. Uingereza Julai 2020 waliitoa Uhispania kwenye orodha ya nchi salama, yaani anayerudi kutoka kule akae karantini siku 14, kwa taarifa ya masaa tu, Jumamosi jioni wametangaza, usiku wa manane imeanza, aliyekuwa ufukweni hakuwa na nafasi hata ya kukimbia. Agosti ikawa Ufaransa, hapo walitoa kama siku moja na kitu, basi watu wakavamia vivuko na treni ya chini ya bahari kuwahi saa kumi alfajiri ya Jumamosi. Juni 2021 ikawa Ureno, imetolewa kundi la kijani lisilo na karantini ikawekwa la njano lenye karantini, siku chache za kurudi, na ndege zikajaa tena.

Unaona wote hao hawakuwa wanakimbia ugonjwa. Walikuwa wanakimbia siku za kufungiwa nyumbani baada ya kurudi. Mtu ambaye kazi yake haifanyiki kwa kompyuta, muuguzi, dereva, fundi, siku 14 ni nusu mshahara au ni kazi yenyewe imekwenda, na watoto nao shule. Huyo lazima akimbie, na ukimwekea saa maalumu ya mwisho wote watakimbilia saa ile ile. Mi naamini kabisa tangazo la masaa kadhaa linaleta msongamano, na tangazo bila tarehe ya kueleweka linaleta kitu kingine kibaya zaidi, ambacho ni kwamba aliyeumia mara moja hasubiri tena. Wateja niliokuwa nao waliokumbwa na hayo mwaka 2020, mwaka 2021 walikuwa hawataki kwenda sehemu ambayo hawawezi kurudi kwa gari. Si umbali waliouogopa, ni kutegemea ndege na tangazo la mtu mwingine.

Ndugu mwandishi, mimi nina nyumba ya wageni ya vyumba vichache. Kabla ya korona watu walikuwa wanabuku miezi sita mbele, sasa hivi mtu anapiga simu Jumatano anakuja Ijumaa. Nimezoea lakini sijaelewa, kwani si mambo yameshaisha?

Yameisha kwenye mipaka, kwenye vichwa vya watu hayajaisha. Ngoja nikupe mfano mmoja. Singapore na Hong Kong walikubaliana watu wao waruhusiwe kutembeleana bila karantini kuanzia 22 Novemba 2020. Tiketi zikauzwa, watu wakapanga likizo, siku moja kabla likaahirishwa. Likapangwa tena Mei 2021, likaahirishwa tena, Agosti likafutwa moja kwa moja. Australia na New Zealand wao walifungua kweli 19 Aprili 2021, na ukikumbuka picha za siku ya kwanza viwanjani ni ndugu wanakumbatiana wanalia, halafu ikawa inasimama inaendelea inasimama, Julai ikafungwa. Sasa mtu aliyepitia hayo ukimwambia alipie leo safari ya miezi sita ijayo anakuangalia tu.

Kwa hiyo alijifunza mambo matatu manne kwa mkupuo: nisilipe mapema, nikilipa nilipe panapokubali kurudisha hela, nisome maandishi madogo, na nikiona hali imetulia nifunge begi kesho. Mashirika ya ndege na hoteli nao wakamzoesha, maana mwaka 2020 walianza kuruhusu kubadilisha tarehe bila faini ili watu wasiache kununua kabisa. Ukishampa mtu uhuru huo kuunyang'anya ni kazi. Ushauri wangu kwako kama mwenye vyumba, badala ya kupigana na simu za Jumatano, weka bei mbili, ya chini kwa anayelipa mapema bila kurudishiwa na ya juu kidogo kwa anayetaka uhuru wa kufuta, mwenyewe utaona anayelipia uhuru ni wengi.

Hapo hapo nijibu na barua nyingine inayofanana, ya kijana anayesema mpaka wa nchi ulipofungwa alinyimwa hela yake, akapewa vocha iliyoisha muda. Mwanangu pole sana, na kisa chako nimekiona kwa wateja wengi mno. Jambo la kujua ni nani amefuta. Shirika la ndege likifuta safari lenyewe, Ulaya kuna sheria toka 2004 kwamba abiria ana haki ya kurudishiwa hela, na Machi 2020 Tume ya Ulaya ilikumbusha kwamba korona haikuiondoa haki hiyo, vocha ni kwa anayeitaka. Marekani nako wizara ya usafirishaji ilisema hivyo hivyo Aprili 2020. Lakini kama ndege imeruka na wewe ndo hukuweza kwenda kwa sababu mpaka wa kule hauruhusu watu wa pasipoti yako, hapo mara nyingi unahesabiwa umefuta mwenyewe, na ndo watu walipoumia zaidi. Na bima, karibu zote haziingii kwenye jambo ambalo lilishajulikana siku unanunua. Aliyenunua bima Aprili 2020 kwa ajili ya korona alikuwa amechelewa.

Mimi swali langu fupi, wale waliofungiwa ndani kabisa, kama Australia, hamu ya kusafiri iliisha?

Haikuisha, ilitafuta tundu. Australia ilifunga Machi 2020, na raia wenyewe hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Septemba 2020 shirika la ndege la Qantas walitangaza ndege inayoondoka Sydney, inazunguka masaa saba angani kuwaonyesha watu miamba ya Great Barrier Reef na jiwe la Uluru kwa dirishani, inarudi Sydney. Tiketi ziliisha ndani ya dakika kumi. Na sehemu zenye nchi kubwa watu walihamia ndani, hifadhi ya Yellowstone Marekani ilivunja rekodi yake mwaka 2021, ziara zaidi ya milioni 4.8, mwaka ambao wageni wengi wa nje walikuwa bado hawaruhusiwi kuingia kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwenye hela ya likizo ataitumia, mpaka unaamua tu ataitumia wapi.

Mwandishi salaam. Natembeza watalii mwaka wa kumi na mbili huu. Naona wa sasa hivi siyo wale, wanakaa muda mrefu, wanafanya kazi kwenye laptop, wanauliza maswali ya hospitali kabla hata ya kuuliza hoteli. Ni korona au ni macho yangu?

Macho yako yako sawa kaka, na nafurahi barua hii imetoka kwa mtu anayekaa nao gari moja.

Kukaa muda mrefu kuna mzizi wake kwenye mpaka wenyewe. Fikiria kila safari ikuhitaji kipimo kabla, kipimo ukifika, fomu, wakati mwingine siku za kujitenga, hiyo gharama ni ile ile ukikaa siku nne au ukikaa siku arobaini, sasa mtu mwenye akili anakaa arobaini. Wale waliokuwa wanakwenda mara tatu kwa mwaka kidogo kidogo wakaunganisha wakaenda mara moja. Nchi nyingine zikaona mapema, Barbados Julai 2020 ikatoa kibali cha mtu kuja kukaa mwaka mzima afanye kazi yake ya mbali, na baadaye nyingi zikafuata. Thailand nayo ikaja na Phuket Julai 2021, ukishachanjwa unaingia kisiwani unatembea huru, ila usitoke kisiwani kwenda sehemu nyingine ya nchi mpaka siku 14 zipite. Yaani zile siku 14 ambazo kwingine zilikuwa adhabu pale zikawa ndo likizo yenyewe. Mi naona lile lilikuwa wazo la mtu aliyekaa chini akamfikiria mtalii kama binadamu.

Maswali ya hospitali nayo ni hivyo hivyo. Mtu aliyewahi kukwama nchi ya watu, ndege hakuna, ubalozi haushiki simu, hawezi tena kuchagua sehemu kwa picha nzuri tu. Kuna Mjapani mmoja alifika Peru Machi 2020 kwenda kuyaona magofu ya kale ya Machu Picchu, lokdauni ikamkuta amefika mji wa chini yake, akakaa miezi saba ndo wakamfungulia lango peke yake Oktoba. Kile kisa kiliandikwa kwa furaha na kweli kinapendeza, ila mimi kila nikikisoma nawaza ile miezi saba.

Kuna upande mwingine ambao hukuuandika ila najua umeuona. Mpaka wenye masharti unafundisha watu kuzunguka masharti. Marekani ilipokataza waliokuwa Ulaya ndani ya siku 14 zilizopita, watu wakawa wanakwenda kukaa siku 14 nchi ya tatu, Mexico kwa mfano, ndo wanaingia, yaani safari mbili na viwanja viwili zaidi kuliko wangepita moja kwa moja. Vyeti feki vya vipimo vilikamatwa sehemu nyingi duniani. Wapo walioficha homa. Siwatetei waliodanganya, waliweka watu wengine hatarini, lakini sheria isiyotekelezeka kwa mtu wa kawaida inazaa uongo haraka sana na anayeandika sheria ajue hilo kabla.

Kuhusu wale wa "nitalipiza", waliotoka kwa fujo mipaka ilipofunguka, hao nao walikuwepo. Japani ilifungulia watalii wa kujitegemea 11 Oktoba 2022. China ilipotangaza mwisho wa Desemba 2022 kwamba karantini inaondolewa kuanzia 8 Januari 2023, watu wakaanza kutafuta ndege za nje kwenye intaneti siku hiyo hiyo, ingawa nchi kadhaa zikawawekea sharti la kipimo papo hapo. Dunia nzima mwaka 2023 ikafika safari kama bilioni 1.3, na 2024 ikawa karibu sawa na kabla ya korona. Idadi imerudi, tabia ndo hizo unazoziona garini mwako.

Mimi nina hasira. Afrika Kusini walisema ukweli kuhusu omikroni wakafungiwa milango. Nani atasema ukweli tena? Na kufunga kulisaidia nini?

Hasira yako ina haki ndugu. Wanasayansi wa kule walitoa taarifa ya aina hiyo mpya ya kirusi cha korona mwishoni mwa Novemba 2021, tarehe 26 Shirika la Afya Duniani likaipa jina la omikroni, na siku hizo hizo nchi nyingi zikawa zimefunga ndege za kusini mwa Afrika, nchi kadhaa kwa mpigo, pamoja na ambazo hazikuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Na ilikuwa inakwenda Desemba, msimu wenyewe. Shirika hilo lilisema wazi kwamba marufuku ya jumla haitazuia kirusi kusambaa na inaumiza maisha ya watu, na kweli ndani ya siku chache kikaonekana mabara mengine. Marekani iliondoa marufuku ile 31 Desemba, msimu umekwisha.

Kwa mtalii kitu kinachobaki ni jina. Ebola ya 2014 ilikuwa hasa Guinea, Liberia na Sierra Leone, lakini watu walifuta safari za kuona wanyama upande wa pili kabisa wa bara, maelfu ya kilomita, wakati hata Ulaya ya kusini ilikuwa karibu zaidi na ugonjwa kuliko huko. Ukifunga mpaka kwa jina la eneo unampa mtalii ramani ya hofu na hiyo ramani haifutiki siku unapofungua.

Ila nisiwe mwongo kwako, kufunga kuna mahali kulisaidia. New Zealand ilifunga 19 Machi 2020 wagonjwa wakiwa wachache bado, ikaweka karantini ya kweli kwa kila aliyeingia, na tarehe 8 Juni ikatangaza haina mgonjwa hata mmoja. Ni visiwa, milango michache, na walifunga mapema kwa wageni wote. Tofauti ni hiyo, walifunga kabla na walifunga bila kuchagua jina la mtu. Kufunga kwa jirani mmoja wakati kirusi kimeshaingia kupitia milango mingine kumi, hapo anayepigwa ni yule aliyesema.

Nasafiri mwezi ujao, bado kuna masharti ya korona nijue?

Dharura ya dunia ilitangazwa kuisha 5 Mei 2023 na karibu nchi zote zimeondoa vyeti na vipimo vyake. Kadi ya homa ya manjano bado inaulizwa, na toka Julai 2016 chanjo moja inahesabika maisha yako yote, kwa hiyo ile kadi ya zamani usiitupe hata kama imeandikwa miaka kumi. Halafu usiangalie masharti ya unakokwenda tu, angalia na ya nchi unayobadilishia ndege, maana nyingine zinakuuliza kadi kwa sababu ya masaa uliyokaa uwanja wa katikati.